Kopo la Watu Wanane

Nyumba ya nyuma ya ghala la mbao,
Chini, mlango wa kijani.
Jumapili, tarehe 7, mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Salamu nyingi zikufikie huko kambini, na zikukute umeketi kivulini na si juu ya lile tingatinga. Hujambo? Kifua kimepona? Mara ya mwisho ulisema vumbi la kokoto limekuingia mpaka unakohoa changarawe. Na ule mguu uliokanyaga msumari? Na hema, bado linavuja upande wa kichwani? Nijibu moja moja. Usiniandikie tena "mimi mzima wa afya" halafu ukaweka nukta, kama ulivyofanya mara tatu zilizopita. Niligeuza karatasi nikidhani maneno mengine yako nyuma.

Sisi huku hatujambo. Mimi bado nafundisha watu udereva. Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, mama mtu mzima mwenye wajukuu, aliniomba ruhusa afumbe macho tukifika kwenye mzunguko wa barabara kwa sababu unamtisha. Nilimkatalia, naye akafumba moja. Tulitoka salama, ila bado sijui ni nani aliyekuwa anaendesha.

Shemeji yako bado anatengeneza mafriji ya watu pale uani, na pacha wameingia darasa la nne. Siku hizi hawagombani tena wao kwa wao. Wameungana dhidi yangu.

Sasa nije kwa Mama. Usishtuke, yuko hai na anagomba kama kawaida. Ila ile nyonga imechakaa kabisa, daktari wa mifupa anasema lazima aitoe na kumwekea ya chuma. Tatizo ni uzito. Tarehe 30 watampima. Akifikisha kilo arobaini na tano, anapasuliwa kesho yake. Asipofikisha, nafasi anapewa mgonjwa mwingine, na Mama angoje mwaka mzima. Na mwaka ni mrefu, Kifungo, kwa mtu ambaye akitoka kitandani kwenda mlangoni anapumzika mara mbili. Mwezi uliopita alikuwa na kilo arobaini na moja na nusu, yule yule Mama aliyekuwa akiinua gunia peke yake na kumuuliza dereva wa lori kwa nini anahema.

Dawa za maumivu ndizo zilizomwua hamu ya kula. Kila kitu anasema kina ladha ya msumari. Uji, msumari. Mayai, msumari. Supu ya kuku, msumari wenye manyoya. Nilibadilisha sufuria mara mbili nikidhani kosa ni langu.

Pale hospitali kuna binti wa lishe, msichana mwembamba mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Alimwuliza Mama kama kuna kitu chochote duniani anachokitamani. Mama aliangalia dirishani, akaangalia viatu vyake, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeungama kwamba siku alipostaafu walimwonjesha aiskrimu ile nyeupe, ya vanila, na hajaisahau. Binti wa lishe akaandika kwenye cheti: kopo moja la lita moja kila siku, ale kidogo kidogo mpaka jioni liishe.

Mimi nilidhani ni mzaha. Miaka yote nimewaambia pacha kwamba aiskrimu ni maji ya sukari yaliyoganda na haina faida mwilini. Yule binti akafungua droo, akatoa kopo tupu analotumia kufundishia, akanisomea ubavuni. Kipimo cha mtu mmoja ni gramu sitini na sita, na ndani yake mna kalori mia moja thelathini na saba. Mafuta gramu saba, na zaidi ya nusu ni yale mazito ambayo daktari wa moyo akiyaona anakunja uso. Wanga gramu kumi na sita, karibu yote sukari. Protini gramu mbili na kidogo. Kalsiamu ya mifupa ipo, vitamini A ya macho ipo, nyuzinyuzi hakuna hata unyuzi mmoja. Ukila kopo zima umekula kalori elfu moja na mia moja. Akaniangalia kiunoni, akasema kwa heshima sana kwamba mtu kama mimi hilo kopo alipite mbali, lakini kwa Mama ni dawa.

Mama akaomba kopo alione mwenyewe. Unajua anavyosoma. Alivaa miwani, akasoma maandishi yote ya ubavuni, akalizungusha, akasoma tena toka mwanzo huku kidole kikifuata mstari. Kisha akavua miwani akasema, "Nimeelewa." Balaa liliingia hapo, na sisi sote tulikuwa tumekaa tunalitazama.

Basi tukaanza. Kila jioni nikitoka kazini nilipitia dukani nikanunua kopo, nikaliweka kwenye friza. Kesho yake jioni nalikuta limeoshwa, limefutwa, limefunikwa kifudifudi juu ya kabati. Nilimwuliza Mama, "Limekwisha?" Akanijibu, "Limekwisha." Mama hasemi uongo, na kweli lilikuwa limekwisha.

Shemeji yako ndiye aliyechukua hesabu. Alitundika kalenda ukutani, na kila usiku kabla ya kulala aliandika 1100 kwa kalamu nyekundu. Alinieleza kwamba kalori elfu saba na mia saba ni kilo moja ya mwili, kwa hiyo Mama ataongezeka kilo moja kila wiki bila kukosea. Wiki tatu, kilo tatu. Aliniambia hivyo kila siku, kana kwamba yeye ndiye anayenenepa. Na kumbe.

Dalili zilikuwepo, mdogo wangu, nami nilizipita kama mwanafunzi wangu anavyopita alama za barabarani. Zipu ya sketi yangu ya kazini ilipasuka nikiwa nafunga mkanda wa gari. Nilipompelekea fundi cherehani, jirani yetu wa chumba cha pili, nikamwambia sketi imerudi kwa kufuliwa, aliinama akasema ndiyo, sabuni za siku hizi ni mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa amefumua gauni lake ubavuni kote kuwili. Pacha walikuwa na mashavu ya kubanwa. Mzee wa Redio, yule wa juu ambaye hajashuka ngazi tangu mwaka jana kwa sababu ya magoti, alianza kushuka kila siku saa nne kamili asubuhi, kanyoa na ndevu.

Na chai. Kila jioni Mama alinitengea mimi na shemeji yako chai nzito yenye harufu nzuri mpaka unafumba macho. Nilimsifu. Nilimwuliza anatumia maziwa gani. Alisema, "Ya kopo." Nikaridhika.

Ijumaa hii, tarehe 5, tulimpeleka kupimwa. Shemeji yako alikwenda na kalenda yake ameikunja kwapani kama ramani ya daraja. Mama alivua viatu, akavua saa, akapanda. Mizani ikasema arobaini na moja, nukta tisa.

Shemeji yako aliinama akaigonga mizani. Akaiinua akachungulia chini yake. Akasema huo mtambo umechoka, nao wampime yeye ili waone. Wakampima. Ameongezeka kilo moja na ushee.

Binti wa lishe akamgeukia Mama taratibu. "Bibi, ile aiskrimu unaila?"

"Naila kila siku."

"Kopo zima?"

Mama alimtazama kama mtu aliyeambiwa akaibe. "Kopo zima nile mimi? Pameandikwa vipimo vinane, na mimi ni mtu mmoja."

"Na hivyo vingine saba?"

"Vina wenyewe."

Yule binti aliweka kalamu mezani. Hapo ndipo nilipokumbuka ni nani tuliyempa lile kopo asome. Mwanamke aliyetunza stoo ya shule ya bweni miaka thelathini na mmoja, ambaye kwake kilichoandikwa kwenye kasha ndicho mgao, na mgao ni sheria. Mwalimu mkuu mwenyewe aliwahi kunyimwa kijiko cha sukari kwa kuwa jina lake halikuwa kwenye orodha ya siku hiyo. Sasa Mama kaona kipimo cha mtu mmoja ni gramu sitini na sita, kaona vipimo ni vinane. Akahesabu watu. "Na bahati nzuri," akamwambia binti wa lishe, "wametimia."

Kila asubuhi alikuwa akitoa kopo, anapima kwa ile mizani yangu ndogo ya unga, anagawa. Cha kwanza chake. Cha fundi cherehani anakula hapo hapo. Cha Mzee wa Redio anakishukia mwenyewe. Viwili vya pacha wanakula wakitoka shule, nao aliwaapisha wasiseme, kwa sababu mgao hautangazwi barabarani. Changu na cha shemeji yako alikuwa anavikoroga kwenye chai, maana alijua tukiviona tutavirudisha kwake.

Sitakuficha, nilikasirika. Nililia ndani ya gari mpaka shemeji yako akashika usukani, naye gia ya pili haijui. Mama nyuma ametulia, ananiuliza kama nina njaa.

Tulipofika nyumbani nilihesabu kwa vidole mbele yake. Yeye Mama, mimi, shemeji yako, pacha wawili, fundi, Mzee wa Redio. Hao saba. Wa nane ni nani? Fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni na futi yake shingoni. Aliangalia sakafu, akaondoka, nikasikia friji lake linafunguliwa. Akarudi na sinia limejaa vikopo vidogo vya mtindi vilivyotiwa aiskrimu, vimefunikwa kwa nailoni na kufungwa kwa uzi. Vilikuwa ishirini na kimoja. Kila kimoja kina kikaratasi chenye tarehe, na chini ya tarehe, kwa mwandiko wa Mama, KIFUNGO.

Nikakaa chini.

Mama akasema, "Aliye mbali hafutwi kwenye orodha."

Ndivyo alivyokuwa pale shuleni, wewe ulikuwa mdogo huenda hukumbuki. Mtoto akilazwa zahanati, sahani yake ilifunikwa na kuwekwa, hata akirudi baada ya siku tatu anakuta sehemu yake. Wakubwa walimsema sana kwa hilo naye hakubadilika. Shemeji yako, kwa kuwa barafu ndiyo kazi yake, alisema tu kwamba vile vya chini vimeanza kuota chembe, kisha akatoa leso akajipangusa uso mzima.

Jana tukafanya kikao. Shemeji yako akatoa wazo la maana, nami sikutegemea. Alisema sheria haivunjwi kwa kelele, inavunjwa kwa karatasi. Kila mwenye mgao na autoe kwa maandishi, kwamba anamrudishia Mama sehemu yake kwa hiari. Nikaandika karatasi sita. Fundi cherehani alitia sahihi akashusha pumzi ndefu. Pacha walidai kwanza waongezewe nusu saa ya kucheza, nikawapa. Mzee wa Redio aliomba muda afikiri mpaka taarifa ya habari iishe, halafu akatia sahihi na kuongeza pembeni: kwa shingo upande. Mama alizisoma zote, akazitia kwenye bahasha, akafunga. Tangu jana anakula vipimo saba kwa siku, tangu asubuhi mpaka jioni, huku akilalamika kwamba tunamfuga.

Lakini shemeji yako amepiga hesabu upya. Kwa vipimo saba kila siku, tarehe 30 Mama atakuwa na kilo arobaini na nne, nukta nane. Atapungukiwa gramu mia mbili. Kitasa cha mlango ni kizito kuliko hizo. Na ukichukua vikopo vyako vyote, pamoja na kile anachokutengea kila siku mpaka leo, gramu mia mbili zinapatikana na chenji inabaki.

Ndiyo sababu nakuandikia, maana simu yako haipatikani mpaka upande kilima. Ndani ya bahasha hii nimeweka karatasi ya saba. Tia sahihi, mpe dereva wa gari la mahitaji aniletee.

Nimefika hapo Mama akaniita nimsomee nilichoandika. Nimerudi sasa, ni jioni, na barua imeharibika.

Alisikiliza yote. Kwenye supu ya kuku alicheka mpaka akashika nyonga. Kwenye karatasi yako akainua mkono.

"Hiyo siipokei."

"Kwa nini, Mama? Za wengine umezipokea."

"Wengine walikula wiki tatu. Walipokea, ndipo wakarudisha. Yeye hajapokea hata kijiko. Mtu harudishi kitu ambacho hakukipokea."

Nilibishana naye. Nimebishana na askari wa barabarani nikawashinda, lakini kwa Mama sikufika popote. Nilimwambia waziwazi kwamba anaweza kukosa operesheni kwa gramu mia mbili. Akasema, "Basi aje apokee."

Kisha akakunja na kukunjua ncha ya shuka. Akasema wameshamweleza kwamba siku ile watamlaza usingizi, na usingizi wa dawa mtu hajui atauamkia wapi. Akasema stoo haifungwi kabla ya kuhakikisha kila kitu kipo. Angependa aone wote wanane wametimia kwanza. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa mara ya pili wiki hii, na mimi si mtu wa kulia.

Kwa hiyo ile karatasi nimeichana. Usiitafute kwenye bahasha.

Gari la mahitaji litafika kwenu Jumamosi, tarehe 13, na Jumapili linarudi tupu. Dereva wake nilimfundisha mimi. Alifaulu mara ya tatu, kwa hiyo jishike. Nimemwomba akuwekee kiti cha mbele.

Najua kwa nini mwaka wa tatu huu huji, kila mara barabara mnayoijenga haijaisha. Utaniambia mkono mtupu haulambwi, na huwezi kuingia kwa mama yako bila hiki wala kile. Nakujua tangu ulipokuwa unajificha chini ya meza kwa sababu umepata alama ndogo. Lakini Mama hajauliza utaleta nini. Ameuliza kama bado unakula kwa kijiko kikubwa. Huku hatuhitaji ulete kitu, tunahitaji mtu wa kupokea. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone, ila mimi sikuwahi kuisikia ikipimwa kwa gramu.

Ukifika, kaa mbele yake, pokea kikopo kimoja, ukile. Kisha vilivyobaki umrudishie kwa maandishi, nitakuwa na karatasi mkononi. Kimoja tu, Kifungo. Nakujua.

Shemeji yako anakusalimu na anasema usimwulize habari za mizani. Pacha wanamsalimu mjomba wao na wanauliza kama ukila kimoja, nao watapata cha kuonja. Jibu ni hapana. Fundi cherehani anakusalimu, amesema uje na suruali zako akupunguzie au akuongezee, kadiri itakavyokuwa. Mzee wa Redio anakusalimu kwa shingo upande. Nasi tunawasalimu wenzako wote wa kambini, hasa mpishi wenu, mwambie asikufungie chakula cha njiani, uje na njaa.

Mungu akutangulie barabarani, amshike dereva mkono kwenye kona, akufikishe kwenye mlango wa kijani ukiwa mzima, akukutanishe na Mama akiwa ameketi.

Ni mimi nikupendaye na kukungoja,
Dada yako mkubwa.

Mwanangu, hapa ni mimi. Barua nimeisoma mwenyewe kwa miwani. Imetiwa chumvi mahali pengi lakini vipimo ni sahihi. Chako cha leo nimekwisha kukitenga.
Mama.